Punda Wanaposimama

Siku ya pili ya kuikagua, Haidar alikuwa ameichoka karatasi ile hata kabla ya kuikunjua. Aliitandaza juu ya meza ya duka lake la kutengeneza simu, katika mtaa wa Langoni, kisiwani Amu, akaibana kwa bisibisi upande mmoja na kikombe upande mwingine, akaanza tena kuzitazama nambari tano ambazo sasa alizijua kwa moyo: 06:20, 09:35, 12:25, 13:35, 23:00.

Hizo ndizo saa ambazo punda walisimama.

Punda wenyewe walikuwa sita, kila mmoja ukubwa wa punje ya kunde, wakishindana mbio kwenye barabara ya pwani iliyochorwa kwa vijimraba vya kijani na kahawia. Haidar aliwatunga mwaka wa tisini na nane, kwenye kompyuta kuukuu iliyopiga kelele kama feni mbovu. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, na subira. Mchezo ulienea kwa diski, mkono kwa mkono, Amu nzima, ukafika Pate, ukafika Mombasa, kisha zikaja simu na punda wakasahauliwa. Sasa kampuni ndogo ya Nairobi, ambayo kazi yake ni kufufua michezo ya zamani ya kompyuta na kuitoa upya kwenye simu, ilikuwa imeupata kwenye diski ya mtu. Ikamtuma fundi wake, Wamuyu, aje achukue sahihi ya mwenyewe.

Wamuyu alifikia Shela, kijiji cha jirani. Asubuhi zote mbili alikuja kwa miguu akifuata ufuo, akakung'uta mchanga mlangoni, akaketi kwenye kibao na kufungua kompyuta yake. Alikuwa binti mpole, na upole wake ndio uliomchosha Haidar zaidi, kwa sababu hakupata wa kumkasirikia.

"Mzee Haidar, bosi wangu ana sheria moja tu," alikuwa amemwambia tangu jana. "Kosa, tunarekebisha. Kitu ambacho mwenyewe alikusudia, hatugusi, hata kama kinakera watu."

"Kusimama nilikusudia."

"Ulisema ni kwa ajili ya swala."

"Ndiyo. Mara tano, dakika kumi na tano, kioo cheusi. Kisha wanaendelea."

"Sasa nani anaswali saa tatu na nusu asubuhi? Nimeuliza watu watatu Shela. Wamenicheka."

Haidar aliirudia nambari hiyo kwenye karatasi. Ndege ya Wamuyu ingeondoka uwanja wa Manda, ng'ambo ya maji, jioni ya leo. Kama hadi wakati huo hangeweza kuonyesha kwamba nyakati zile zina maana, sehemu ile ingekatwa kama hitilafu yoyote, na punda wangekimbia mchana na usiku bila kupumzika. Hakuna mchezaji ambaye angelalamika. Hilo alilijua.

Lakini alikuwa ameahidi. Kompyuta ile aliiweka kwenye chumba cha mbele cha Mwalimu Abdulwahid, mzee aliyesomesha Kurani mtaani, ambaye baadaye alikuja kuwa mkwewe. Mwalimu alimpa chumba bure, kwa sharti moja. "Ikiadhiniwa, chombo chako kinyamaze. Usiniambie utakizima wewe. Wewe utasahau. Kinyamaze chenyewe, popote kitakapokwenda." Haidar alimpa mkono. Mwalimu alikuwa amefariki miaka kumi na moja iliyopita, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwendea kumwomba amwachilie.

Na sharti alilitimiza. Aliona kwa macho yake, siku baada ya siku, punda wakisimama na adhana ikiingia dirishani. Sasa programu ileile, herufi kwa herufi, ilisimama ovyo. Alikuwa ameisoma yote, kurasa arobaini zilizochapishwa, akiweka alama ya penseli kila mstari alioukagua. Jedwali la nyakati lilikuwa lilelile alilolinakili kutoka kwenye kalenda ya Mwalimu. Katika nambari tano ni moja tu iliyokaribia ukweli, 12:25, ambayo ilikuwa karibu na adhuhuri. Alikuwa ameanzia hapo mara nne, na mara zote nne zile nyingine zilikataa kufuata.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Wamuyu. Zamani hizo watu wa Mombasa walimletea salamu kwamba mchezo wake unalala asubuhi. Aliwajibu kwamba diski zao zimeingia unyevu.

Saa saba mchana mkewe, Batuli, aliingia na sinia la wali na mtuzi wa samaki. Alimtazama mumewe, kisha mgeni.

"Mato yako mekundu," alisema. "Yeo tena hukulala?"

"Nililala."

"Ulilala kama askari wa lindo." Akamwita mgeni kwa mkono. "Bi Wamuyu, ndoo ule. Huyu ukimngoja mtakufa nyote wawili."

Aliisogeza karatasi apate mahali pa kuweka sinia, kisha akaiinua na kuishika mbali na uso, kwa kuwa miwani aliiacha nyumbani.

"Ni nini hizi?"

"Saa za punda kusimama. Weka chini, Batuli. Nimechoka nazo."

Batuli hakuiweka. "Saa sita na dakika ishirini," akasoma polepole. "Tisa na thalathini na tano. Kumi na mbili na ishirini na tano." Akainua kichwa. "Sasa shida ni nini? Si adhuhuri, alasiri, magharibi? Hii ya kumi na tatu ndiyo siijui. Kwetu saa ilikomea kumi na mbili."

Wamuyu aliacha kunawa. "Bi Batuli, hiyo ya kwanza si saa sita. Ni kumi na mbili asubuhi."

"Kwenu. Kwa baba, saa ikionyesha sita ni sita."

Haidar alishika ukingo wa meza. Betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa tangu siku aliyoinunua, kwa hiyo kila ilipowashwa iliuliza ni saa ngapi. Naye kila mara aliinua macho ukutani, kwenye saa ya Mwalimu, akaandika alichokiona. Na saa ya Mwalimu, kama za wazee wengi wa Amu, ilifuata jua: likikaribia kuchwa, mishale yote miwili iko juu. Mashine iliishi saa sita nyuma ya dunia nzima, na mle chumbani hakuna aliyejua, maana mle ilikuwa sahihi.

Hata hivyo hakutaka kuamini upesi. Alichukua penseli, akaandika nyakati za swala za mwezi huu upande wa pili, akatoa moja baada ya moja. Sita. Sita. Sita. Kumi na tatu na thelathini na tano, iliyokuwa saa moja usiku kwenye kalenda kabla hajaiongezea kumi na mbili za mashine, ikawa isha, nayo ikatoa sita. Ishirini na tatu, aliyoiona ya kipuuzi kuliko zote, ikawa alfajiri ya siku ya pili, nayo ikatoa sita.

Wamuyu alikuwa amesimama nyuma yake. "Kumbe ni kosa," akasema taratibu.

"Kosa ni la saa. Kusimama ni kusudi. Rekebisha la kwanza, la pili uliache."

"Bosi ataniuliza habari za mtu aliye Toronto. Jua lake si la hapa. Naweza kufanya simu ihesabu swala za kwake."

"Kalenda ni ya Amu. Niliahidi adhana ya Amu."

"Na yule wa Toronto?"

"Atangoja robo saa."

"Apate kula," Batuli akasema, akimsukumia mumewe sinia.

Wamuyu alimwandikia bosi wake, kisha wakaanza kula. Jibu lilikuja kabla samaki hajaisha: kusudi ni kusudi, abadilishe saa tu. Kazi yenyewe ilikuwa mstari mmoja.

"Kuna kijitabu cha maelezo mtakitoa," Haidar alisema. "Andika humo kwamba kosa la saa lilikuwa langu. Kuna watu niliwaambia diski zao zina unyevu."

"Miaka ishirini na saba, Mzee. Nani anakumbuka?"

"Mimi."

Wamuyu aliandika. Kisha akauwasha mchezo kwenye simu yake, wakautazama. Punda wa nne alikuwa anaongoza. Ilipofika saa tisa na dakika thelathini na tano wote sita wakasimama, miguu hewani, na kioo kikawa cheusi. Muadhini wa mtaa alichelewa kidogo, akakohoa kwenye kipaza sauti, ndipo akaanza.

Haidar alidhani angefurahi. Alivuta karatasi za mkataba, akatia sahihi, akaitazama sahihi yake kama ya mtu mwingine. Magoti yalimuuma alipoinuka.

"Boti yangu ni saa kumi na robo," Wamuyu alisema, simu nyeusi ingali kiganjani.

"Utaiwahi. Ngoja punda wamalize."

Akavua miwani, akaiweka juu ya kurasa zake arobaini, akatoka kwenda kutafuta maji ya udhu.