Kikombe cha Tatu Chini ya Tuta

Abrehet alikuwa ameshavifunga vikombe vyake vya kahawa ndani ya shuka. Tangu mvua kubwa zilipokwisha, shamba lake la vitunguu saumu, lililo chini kabisa ya tuta la bwawa, lilikuwa likilowa bila kunyeshewa. Wataalamu wakaja na mtambo wa kuchoronga ardhi. Hawakuficha: kama maji yale yanapenya kwenye tuta, ziwa lililo nyuma yake litamwagwa na nyumba tisa za chini zitahamishwa. Ya Abrehet ndiyo ya kwanza.

Hata hivyo hakuwanyima kahawa. Aliwapa kwenye makopo, na kila siku mtambo uliwaita kabla hawajafika kikombe cha tatu, cha mwisho, kile cha baraka.

"Mama, baraka zetu unamwekea nani?" alitania Gebru, mchorongaji.

"Mtambo wako ndio mchoyo, si mimi."

Gebru alicheka. Asubuhi ile Abrehet alikuwa amemwona akitandika magunia juu ya vitunguu, tope la mtambo lisivichafue. Shamba ambalo huenda likaachwa! Hilo alilitia moyoni.

Siku ya tano waliteremsha kipimo kwenye shimo la mlimani, kando ya bwawa. Ni utepe mrefu unaolia ukigusa maji. Majirani wakasogea. Utepe haukwenda mbali, ukalia.

"Mita nne tu!" aliita Senait, mhandisi wao wa kike.

"Yako juu hivyo? Basi tumekwisha," alisema Tsehaye, jirani wa Abrehet, mikono kichwani. "Heri mke wangu kaondoka na mbuzi kwenda kuwauza."

Abrehet alikaa palepale juu ya jiwe.

Senait alichungulia darubini yake ya kupimia kimo, akapiga hesabu, akapiga tena. Kisha, kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, akaja kuchutama mbele ya Abrehet.

"Mama, nisikilize. Maji ya shimo hili yako juu kuliko ziwa, kwa mita mbili nzima. Umewahi kuona maji yakipanda mlima?"

"Sijaona, mwanangu."

"Basi hayatoki ziwani. Yanatoka mlimani, yanateremka kwako. Na shimo tulilochimba kwenye tuta, upande huu wa chini, ni kavu. Tuta ni zima. Tutakuchimbia mtaro wa kokoto, shamba litakauka."

"Kwa hiyo sihami?"

"Huhami, mama. Hahami mtu."

Abrehet alijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake. "Tsehaye, bado umesimama? Kimbia! Mbuzi watafika sokoni!"

Tsehaye akatimua mbio, kiatu kimoja kikabaki nyuma, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Gebru aliuzima mtambo bila kuambiwa, leo usiwaite kabla ya kikombe cha tatu. Ndani ya nyumba, Abrehet alilifungua fundo la shuka kwa meno, maana alikuwa amelikaza sana, akavitoa vikombe kimoja kimoja. Hakuna kilichovunjika. Akavipanga kwenye sinia, akahesabu watu walioko nje, kisha akaongeza kimoja cha Tsehaye.