Msichana wa Nyuma ya Goli

Jumatatu asubuhi, mstarini, baada ya ukaguzi wa kucha, Mwalimu Mkuu Leonidasi alitangaza kwamba Shule ya Msingi Rusabagi itakuwa na timu ya mpira wa miguu. Alisema shule zote za njia ya Titye zina timu, hata ile ambayo choo chake kilititia mwezi uliopita, na kwamba Rusabagi inajulikana kwa mihogo tu. Kisha akasema kesho yake kila mwanafunzi aje na jembe.

Uwanja ulipatikana palipokuwa na shamba la mihogo la shule. Wasichana waling'oa mihogo, wakachimbua visiki, wakajaza mashimo kwa udongo waliobeba kichwani. Wavulana walikaa kivulini wakigawana namba, nani acheze mbele na nani awe beki, kazi iliyokuwa na kelele nyingi na iliyokwisha baada ya ile ya majembe. Upande mmoja wa uwanja ulibaki juu na mwingine chini, maana kilima ni kilima. Magoli yalisimamishwa kwa miti ya mkaratusi.

Aliyepewa timu ni Mwalimu Tamimu, mtu wa Tanga. Alikuwa na miaka mitatu Kasulu na bado alifundisha akiwa na koti, akiilaumu baridi kama mtu anayemlaumu jirani. Alisema ujanani alichezea timu kubwa. Tumbo lake halikuunga mkono habari hiyo.

Kilichokosekana ni mpira. Generosa wa darasa la saba, mtoto wa Pelagia muuza ndizi, aliutengeneza nyumbani kwao. Alikusanya majani makavu ya mgomba, akayafunga na kipande cha gauni lake la zamani, akazungushia mifuko ya rambo, na juu akafuma kamba za mgomba alizozisokota mwenyewe pajani. Kila fundo alilikaza kwa meno. Ulipomalizika ulidunda mpaka mbuzi wakakimbia.

Aliupeleka shule, akamkabidhi Mwalimu Tamimu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, na mimi nataka kucheza."

"Wasichana wanacheza netiboli."

"Netiboli haipo, Mwalimu."

"Itakuja."

"Ego, Mwalimu," Generosa akaitikia kwa Kiha, akaenda kukaa upande wa juu wa uwanja pamoja na wenzake, walikoambiwa wamenye mihogo ya walimu.

Makarius, kapteni, alikuwa wa kwanza kuupiga ule mpira. Aliupiga kuelekea chini. Mpira ulikwenda hatua chache, ukasimama, ukageuka, ukaanza kupanda kilima. Uliwapita mabeki, ukampita kipa, ukaingia katikati ya wasichana, ukatulia kwenye mguu wa Generosa.

"Uwanja huu umekaa upande," alisema Mwalimu Tamimu.

Walimrudishia Makarius. Akaupiga tena, na ukapanda tena. Mchana ulipokwisha, Rusabagi ilikuwa imejifunga magoli mengi na mihogo ya walimu ilikuwa haijamenywa. Mwalimu Tamimu akaamua Generosa asikae karibu. Siku iliyofuata aliambiwa awahi nyumbani, na mazoezi yakafa kabisa, kwa sababu mpira ulishika njia ukamfuata. Makarius alitumwa kuuleta. Aliukuta jikoni kwa Pelagia, karibu na mafiga.

"Shikamoo mama. Nimefuata mpira."

"Marahaba. Uchukue, unanichafulia jiko," Pelagia alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe usijisikie. Kuna watu wanafuatwa na viroboto."

Mwalimu Tamimu alilifikiria jambo hilo wiki nzima, hata darasani, hata hesabu za sehemu akawa anazikosea. Ijumaa alimwita Generosa, akamchorea uwanja ardhini kwa kijiti. Hapa goli letu, hapa goli la wenzetu. Wewe utasimama hapa, nyuma ya goli la wenzetu. Mapumziko yakifika tunabadilishana magoli, na wewe unazunguka unakwenda kule.

"Nikisimama hapo ndiyo nimecheza?"

"Utakuwa unasaidia shule."

Mashindano ya kombe la wilaya yalipoanza, Rusabagi ilishinda kila mechi. Wavulana walijifunza kuugusa mpira mara moja tu mwanzoni na kuupisha. Mpira ulikwenda wenyewe, wakati mwingine kwa haraka, wakati mwingine polepole kama ng'ombe anayerudi zizini, na kipa aliyejaribu kuushika aliingia nao golini akiburuzwa kwa tumbo. Magoli yaliandikwa kwa mchezaji aliyekuwa karibu zaidi. Makarius akawa na magoli mengi, na akaanza kutembea akirusha miguu.

Walimu wa shule nyingine walilalamika. Mmoja alisema Rusabagi wana kamati ya ufundi, ile ya waganga.

"Kamati gani?" Mwalimu Tamimu akauliza. "Huyu ni mwanafunzi. Amesimama tu. Sheria inamkataza mtoto kusimama?"

Mwamuzi alipekua kitabu cha sheria, hakuona pa kumkatalia. Shule moja ikaleta msichana wao mnene, ikamsimamisha mbele ya Generosa. Mpira ulimzunguka.

Baada ya kila mechi Generosa alimfuata Mwalimu Tamimu, akamuuliza tena kama naye atacheza. Mwalimu Tamimu hakuwa mtu mbaya. Alimjibu kwa upole kila mara.

"Generosa, ukiingia ndani, nani atasimama nyuma ya goli?"

Jibu hilo liliwatosheleza watu wote.

Kabla ya fainali walikwenda Nyarugusu kucheza mechi ya kirafiki na vijana wa kambi ya wakimbizi, ambao walikuwa na mpira wa ngozi. Hapo Generosa hakusaidia kitu. Alisimama nyuma ya goli mpaka jua likamchoma utosi, na mpira haukumtazama. Mpira ule ulikuwa unavuta mashariki. Vijana wa kambi walishauzoea, walikuwa wakipiga magharibi kidogo ili ufike panapotakiwa. Rusabagi walifungwa vibaya.

Kocha wa kambi alikuwa Mkongomani mmoja jina lake Marcel, mwenye kofia ya sufi. Alimkuta Mwalimu Tamimu ameshika kiuno.

"Mwalimu, usichoke bure. Mupira yote inarudiaka kwa mwenye aliitengeneza. Hii ya ngozi, kuko mama fulani kule mbali sana aliishona. Iko inamutafuta."

"Sasa fainali tunachezea mpira wa ngozi."

"Basi mupe ule mutoto aishone upya," Marcel akasema, kama mtu anayeshauri viazi vichemshwe kwanza.

Ofisi ya elimu ilikuwa imezipa shule zote mbili za fainali mpira wa ngozi wa kufanyia mazoezi. Mwalimu Tamimu aliupeleka wa Rusabagi kwa Generosa, pamoja na uzi wa katani na sindano ya kushonea magunia. Generosa aliuweka mapajani, asiutoboe.

"Nikiushona nitacheza?"

Mwalimu Tamimu alitazama huku na huku. "Tukichukua kombe, utacheza."

"Sema haki ya Mungu."

"Haki ya Mungu."

Generosa akaufumua wote. Aliushona nje ya stoo ya shule, kiraka kwa kiraka, akivuta uzi kwa meno. Watoto wa darasa la kwanza walisimama kumtazama. Uzi wa zamani aliutupa, na upepo ukauchukua kuelekea mashariki.

Fainali ilichezwa Kasulu mjini, na timu ya shule ya mjini ambayo wachezaji wake walivaa viatu na wawili kati yao walikuwa na ndevu. Afisa Elimu alikuja. Kulikuwa na kipaza sauti. Mwamuzi aliibonyeza mipira yote miwili kwa kidole gumba, akachagua wa Rusabagi kwa sababu ulikuwa mgumu.

Kipindi cha kwanza kilikwenda kama kilivyotarajiwa. Wa mjini waliwapanga watu wao wote golini kama matofali, wenye ndevu mbele. Mpira uliwapitia miguuni mara mbili. Mapumziko Rusabagi ilikuwa inaongoza mbili bila, na Afisa Elimu alionekana akila karanga kwa furaha.

Timu zilibadilishana magoli. Generosa hakuzunguka. Alibaki pale pale alipokuwa, ambapo sasa palikuwa nyuma ya goli la Rusabagi, na mikono ameikunja nyuma.

Mwalimu Tamimu alimpungia. Akampungia tena. Mwishowe akakimbia mpaka kwake, tumbo likitangulia.

"Generosa! Nenda kule!"

"Nimeona hapa pananifaa, Mwalimu."

"Unanitia aibu mbele ya Afisa Elimu!"

"Niingie uwanjani?"

"Tumeshakubaliana, tukichukua kombe!"

"Basi nangoja kombe hapa."

Filimbi ikapigwa. Mpira ukaja, ukawapita Makarius na wenzake ambao waliupisha kwa mazoea, ukaingia goli la Rusabagi. Wa mjini walishangilia kama vile walikuwa wameufunga wao. Haikupita muda ukaja tena. Mbili kwa mbili.

"We Generosa, sha, utatuua!" Makarius alipiga kelele.

"Na wewe uzuie. Si ndiwe kapteni?"

Mwalimu Tamimu alivua koti kwa mara ya kwanza tangu ahamie Kasulu.

"Nenda kule mwanangu, nakuomba. Pita popote unapotaka, lakini nenda."

"Popote?"

"Popote!"

Generosa akaingia uwanjani. Alichomeka pindo la sketi kiunoni, akatembea katikati, bila haraka, kama anayekwenda gulioni na bado ni mapema. Mpira ulitoka miguuni mwa wa mjini ukamjia. Akaenda nao. Mwenye ndevu mmoja alijitupa chini kumzuia, Generosa akamruka. Mwamuzi aliweka filimbi mdomoni, akaitoa, kwa kuwa hakujua apige kosa la nani. Karibu na goli Generosa alisimama, akarudi nyuma kidogo, akaupiga.

Kabla ya hapo hakuwa ameupiga mpira hata siku moja. Kipa alisikia upepo tu. Mpira uliingia katikati ya miti, na kwa mara ya kwanza haukurudi kwake. Ulikaa ndani ya goli, umetulia, kama mtu aliyefika alikotumwa.

Filimbi ikalia. Mwamuzi akaonyesha katikati. Mtu wa kipaza sauti alingoja kidogo, akainama kuongea na Afisa Elimu, akainuka.

"Goli la Rusabagi limefungwa na Makarius!"

Makarius wakati huo alikuwa amekaa upande wa pili akitoa mwiba unyayoni.

"Si mimi," alisema.

"Imeshatangazwa," akajibu mwamuzi.

Mechi ilipokwisha tatu kwa mbili, wenzake wakambeba juu juu, na mwiba wake.

Jioni shule ilichinja mbuzi. Wachezaji walikaa meza moja na Afisa Elimu, ambaye alimshika Makarius bega na kusema taifa linahitaji vijana kama hawa. Generosa alipita na birika na beseni akiwanawisha wageni mikono. Mpira wa fainali ulimfuata nyuma, ukizunguka meza, na wageni waliinua miguu ili upite, kama wanavyompisha kuku.

Alipofika kwa Mwalimu Tamimu alimmiminia maji taratibu.

"Kombe tumechukua, Mwalimu."

"Tumechukua, Generosa. Umefanya kazi kubwa."

"Lini nacheza?"

Mwalimu Tamimu alinawa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Mwakani," akasema.

Generosa alikuwa darasa la saba na mtihani wa mwisho ulikuwa wiki mbili mbele. Wote wawili walilijua hilo. Akamwaga maji machafu, akaenda kwa mgeni aliyefuata.

Mwalimu Mkuu Leonidasi aliagiza mpira ubaki ofisini kama kumbukumbu ya shule. Waliuweka juu ya kabati, asubuhi wakaukuta umejibanza mlangoni. Wakaufunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza ya Mwalimu Mkuu, kama anavyofungwa mbuzi, na ukakubali kukaa, ila ulikuwa unavuta. Kila alipofungua ofisi, Mwalimu Mkuu alikuta meza imesogea kuelekea mlangoni, upande ilikokuwa migomba ya Pelagia. Aliisukuma ikarudi, akakaa, akaendelea na kazi. Sakafu ikapata michirizi. Mkaguzi wa shule alipoiulizia, aliambiwa ni kwa sababu ya mpira, akaandika kwamba sakafu ikarabatiwe.

Generosa hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Makarius alichaguliwa, kwa maksi za kutosha na kwa michezo. Darasa la tano akatafutwa msichana mwingine wa kutengeneza mpira, na walimu walikubaliana safari hii awe asiye na maneno. Netiboli ilikuwa bado haijaja.

Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, meza iligeuka. Mwalimu Mkuu aliikuta imeacha mlango imekwenda dirishani, imejibana ukutani, upande wa barabara ya Kibondo, na kamba imekaza kama waya. Alimwita Mwalimu Tamimu, wakasimama wakiitazama.

"Ameolewa huyo," alisema Mwalimu Tamimu. "Kibondo."

"Ni mbali," alisema Mwalimu Mkuu Leonidasi.

Akaagiza droo za meza zijazwe matofali.