Mtikisiko wa Mjomba

Lori lilipokata kona kuingia gereji, Barafu alilitambua kwa mlio kabla hajainua kichwa, akatamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna fundi anayefurahi kumwona mteja yuleyule akirudi na ugonjwa uleule. Na huyu hakuwa mteja tu. Alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea na kumfundisha kushika spana kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Barafu ni jina la utani. Mafundi wenzake walimbatiza hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa viyoyozi vya magari, lakini aliyelitangaza mji mzima ni Mjomba. Kila anapoegesha alikuwa akisema, hata kama hakuna aliyemuuliza: "Kiyoyozi cha lori hili hakiguswi na mtu. Anakigusa mpwa wangu Barafu, basi." Akishasema hivyo anajipiga kifua, utadhani gesi kaijaza yeye.

Lori lenyewe lilikuwa zee, pua butu, la kubebea saruji. Kiti cha dereva kilikaa juu ya injini, kwa hiyo kiyoyozi kikifa unachagua mawili: uive, au ufungue madirisha na vumbi la saruji likufuate ndani. Mjomba alikuwa na kifua kisichoelewana na vumbi. Gesi ilipovuja, hakukosa starehe, alikosa pumzi.

Sasa, mambo yalianzaje? Barafu alibadilisha kompresa ya lile lori, pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi, kazi safi, baridi ikatoka mpaka Mjomba akasema ataanza kuvaa sweta. Baada ya muda baridi ikaisha. Lori likarudi. Barafu akakuta mafuta yamelowa kwenye kiungo cha bomba, akabadilisha oringi, zile pete ndogo za mpira, akajaza gesi upya. Wakati anarudishia grili, fundi matairi wa upande wa pili, mtu ambaye mdomo wake hauna breki, akapaza sauti mbele ya watu wote:

"Barafu! Mbona umeyeyuka?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Mjomba peke yake hakucheka. Alimgeukia mpwa wake akingoja jibu litakalomnyamazisha yule mtu. Barafu uso ukamwaka moto, na hapo akajikosha.

"Ni mtikisiko tu, Mjomba. Lori zee, halafu wewe unapita kwenye mashimo bila huruma. Mabomba yanachezacheza yanalegea."

Neno lilimtoka lenyewe. Kicheko kikahamia kwa Mjomba, naye akatikisa kichwa polepole kama mtu anayesomewa majibu na daktari.

Lori liliporudi tena, Mjomba ndiye aliyelitaja lile neno kwanza. "Mtikisiko, eh?" Barafu akasema, "Mtikisiko." Safari hii bomba lilikuwa na ufa karibu na kiungo kilekile. Akalichomelea. Lakini alipolishika alilisikia likicheza mkononi, na kitu kikamwambia kwamba bomba refu namna ile halining'inii hewani. Lazima kuna kitu kinalishika katikati. Akakumbuka kopo la vikorokoro chini ya benchi, anamotupia kila bolti inayobaki. Akasema ataangalia akishakunywa chai. Baada ya chai likaja gari jingine, na ukweli ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelipungia mkono liingie.

Ndiyo maana leo alitamani ardhi immeze.

Mjomba alishuka taratibu, mkono mmoja kwenye mlango. Alikuwa amepungua.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, baba." Akakohoa, akageuka pembeni, akakohoa tena. "Imeisha tena hiyo gesi yako."

Barafu akapanda ndani kujaribu. Upepo uliotoka ulikuwa wa moto. Alipotaka kuzima akaona juu ya dashibodi kikombe cha bati, kimefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi kisianguke. Kina maji. Dashibodi yote kuzunguka kikombe ilikuwa na alama za maji yaliyokauka.

"Mjomba, hiki nini?"

"Huyo mwalimu wangu." Mjomba alisema bila mzaha. "Najaza maji nikiondoka. Nikifika naangalia nimemwaga kiasi gani. Siku hizi naendesha kama nimebeba mayai, mpaka matrekta yananipita, madereva wananizomea. Kila mzigo nachelewesha. Na maji bado yanamwagika, na gesi bado inaisha." Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. "Basi nimempigia simu mwenye lori. Mama wa watu anakuja hapa leo, namkabidhi funguo zake. Mikono imechoka, mpwa wangu. Wewe uliiona kabla yangu."

Barafu akasema tu, "Ngoja niliangalie," akainama chini ya benchi.

Kopo lilikuwa palepale. Akalimwaga sakafuni. Kibano kilikuwa kimeangukia juu ya bolti zote kama kilichokuwa kikingoja kuitwa: kipande cha chuma kilichopinda, mpira ndani, na chembe za rangi ya bluu ya lile lori. Akakumbuka kila kitu. Siku ile ya kompresa bolti ya kibano ilikuwa imejificha nyuma, spana haifiki, jasho linamwingia machoni, na Mjomba anaita kutoka nje kwamba mzigo unamngoja. Alijisemea, nitakifunga baadaye. Kisha kompresa ikawaka vizuri, watu wakampongeza, na baadaye haikuja.

Aliona haya mpaka masikio yakamuuma. Bomba lilitikisika kwa sababu yeye aliliacha litikisike. Hata lori la malaika, likienda kwenye barabara ya kioo, lingevuja. Huku mtu mzima anazomewa njiani, anakohoa vumbi, anahesabu matone ya maji.

Alifanya kazi bila kuinua kichwa. Alitoa grili na rejeta, akaweka bomba jipya, akalala kwa ubavu mpaka spana ikaifikia ile bolti, akakaza kibano. Akanyonya hewa yote kwenye mfumo, akajaza gesi, akapaka povu la sabuni kwenye viungo. Hakuna hata kiputo. Akawasha injini na kuliwekea bomba kiganja. Lilikuwa limetulia. Baridi ikatoka.

Na hapo shetani akamjia na maneno mazuri. Angesema tu, Mjomba, nimeweka bomba gumu linalovumilia mtikisiko, rudi barabarani. Mjomba angefurahi. Angebaki na lori lake. Wote wangeenda nyumbani wakicheka. Lakini na kikombe kingebaki pale juu ya dashibodi, na Mjomba angeendelea kukitazama kila siku kuliko anavyoitazama barabara.

Kabla hajaamua, mwenye lori akaingia, mama mmoja mnene mwenye haraka zake. Mjomba akanyoosha shati, akamwendea, akamtolea funguo juu ya kiganja chake kilichofunguka. Gereji ilikuwa imejaa, na fundi matairi alikuwa amesimama anatazama.

"Mama, gari lako halina kosa. Kosa ni mikono yangu. Tafuta kijana."

"Si kweli," Barafu akasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Nyundo zikanyamaza.

"Si kweli, Mjomba. Nilipofunga kompresa nilisahau kibano cha bomba. Kilikuwa kwenye kopo langu. Bomba limekuwa likining'inia wakati wote huo. Hakuna mtikisiko. Mimi ndiye niliyesema mtikisiko, ili watu wasinicheke."

Hakuna aliyecheka. Hata fundi matairi aliinamia tairi lake akatafuta msumari ambao haukuwamo.

Mwenye lori akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Sasa baridi inatoka?"

"Inatoka, mama."

"Basi. Mimi sina shida na dereva wangu, ninyi ndio mnaomsumbua." Akavikunja vidole vya Mjomba juu ya funguo, akaondoka na haraka zake.

Barafu akabaki ameinamisha kichwa. "Nisamehe, Mjomba. Nilisahau bolti moja tu, ikanishinda kusema."

Mjomba alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, haina ukali, na afadhali ingekuwa nao.

"Bolti kila mtu anasahau, baba. Ungeniambia umesahau, ningekucheka, tungeifunga wote, yakaisha. Lakini uliniambia mikono yangu ndiyo mibovu. Na mimi sikubisha, kwa sababu umesema wewe."

Akapanda ndani ya lori. Akafungua vile vipande vya mpira kimoja kimoja, akashuka na kikombe, akakijaza maji mpaka ukingoni, akakiweka juu ya benchi ya Barafu bila kumwaga tone. Kisha akaondoka. Langoni palikuwa na tuta, akalipanda kwa mwendo wake wa zamani, lori zima likaruka, saruji ikatimka nyuma, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Mafundi wakarudi kwenye kazi zao. Barafu akakichukua kikombe akamwage maji nje, hatua chache tu kutoka kwenye benchi, sakafu tambarare. Hakufika mlangoni. Mkono wote ulikuwa umeshalowa.