Thamostati ya Bwana Anil

Mahadhi alikuwa fundi wa magari aliyejua kila kitu, na asichokijua alikitoa akakitupa. Ndivyo alivyozimaliza thamostati za Malindi nzima. Gari likija limechemka, hata kabla ya kuuliza lina nini, alifungua bomba la maji, akachomoa kile kijidude chenye springi, akakiinua juu wateja wakione, kisha akatoa hotuba. "Hiki kiliwekwa kwa ajili ya watu wa theluji. Kazi yake kuyazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Sasa Malindi hii, nani amekosa moto?" Wateja walicheka, kijidude kikatupwa pipani, na gari likaondoka limepona. Kwa siku chache.

Ilikuwa hotuba nzuri yenye kasoro moja tu, kwamba haikuwa kweli. Mahadhi mwenyewe alilijua hilo tangu miaka mitatu nyuma, alipohudhuria semina ya mafundi Mombasa, ya siku moja, yenye chai, maandazi na cheti. Mwalimu aliwaeleza taratibu, kama anayesema na watoto wa chekechea, kwamba injini isiyo na thamostati haipati joto lake sawasawa. Hudhani saa zote ni alfajiri ya baridi, basi hujimiminia petroli kupita kiasi. Mahadhi alirudi nyumbani, cheti akakitundika ukutani, maarifa akayaacha ukumbini. Angefanyaje? Fundi mwenye jina hawezi kusimama mbele za watu akasema amekuwa akiwaharibia magari kwa miaka ishirini.

Asubuhi hiyo gari lililovutwa kwa kamba hadi gereji lilikuwa Corolla nyeupe ya marehemu Bwana Anil wa duka la vitambaa, gari lenye umri wa kugombea ubunge. Nyuma ya usukani alikaa mjane wake, Taraben, amenyooka kama anayepelekwa kwenye sherehe.

"Shikamoo, Mama Bhavik."

"Marahaba. Limechemkia Gede. Usianze kutafuta ugonjwa, pampu ya maji imekufa, na mpya ninayo. Mwanangu Bhavik aliileta tangu alipokuja kutoka Nairobi. Aliisikia ya zamani inalia, na wewe uliyeliona gari mwezi uliopita hukusikia."

Mahadhi alimeza hayo na mate yake. Ndani ya boksi alilomkabidhi mlikuwa na pampu, mkanda wa taimingi na thamostati inayong'aa. Akaishika kwa vidole viwili.

"Hii tutaiweka kando, mama. Hii iliwekwa kwa ajili ya..."

"Imo ndani ya boksi?"

"Imo."

"Basi ifungwe. Mimi sinunui dafu nikaacha maji dukani."

Kitsao, dereva wa pikapu ya makaa ya Ganze, alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake, akacheka mpaka akakohoa. Kicheko hicho kilimkera Mahadhi, kwa kuwa jambo likimfikia Kitsao asubuhi, adhuhuri limeshafika mpaka kwa walio shambani.

Kazi ilimchukua hadi baada ya adhuhuri. Alifungua mkanda, akaitoa pampu ya zamani, akaizungusha kwa mkono ikachezacheza na kudondosha maji ya kutu. Alikwangua masalio ya gasketi mpaka chuma kikawa safi, akaifunga pampu mpya, mkanda akaupanga alama kwa alama. Kisha akafungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu, na aliyeitupa thamostati yake alikuwa yeye, miaka saba iliyopita, Bwana Anil akiwa amesimama pale pale akicheka hotuba. Baadaye Bwana Anil alipolalamika kwamba petroli haimtoshi, Mahadhi alimjibu kuwa anamwamini, akavilaumu vituo vya mafuta. Akaifunga mpya, springi upande wa injini, kijitundu cha hewa juu. Ukitaka kusema kweli, alijua sana kuifunga.

Akajaza maji, akawasha gari huku mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, mapovu yakatoka mpaka yakaisha. Mpira wa chini wa rejeta ulikaa baridi muda mrefu, kisha kwa ghafla ukapata moto. Kwenye dashibodi mshale wa joto ulipanda hadi katikati, ukatulia.

Taraben aliinama dirishani kuutazama.

"Zamani ulikuwa ukisimama hapo hapo," alisema. "Kisha ukalala chini, wakati ule ule Anil alipopata mtu wake Kilifi."

Spana ilimponyoka Mahadhi.

"Mtu gani, mama?"

"Mwanamke. Kwani watu huweka nini Kilifi? Kila Alhamisi Anil akienda Mombasa kuchukua vitambaa. Mafuta nampa mimi, miaka na miaka yakitosha na kubaki. Ghafla hayatoshi. Kila Alhamisi anaongeza mafuta Kilifi. Nikamuuliza, petroli inakwenda wapi? Akasema hajui. Mwanamume mzima, hajui. Akaapa mbele ya taa ya ibada, nikamwambia asimsumbue Mungu na habari za petroli." Aliinyoosha shali yake. "Miaka mitano nilimpikia, nikamfulia, sikumsemesha ila habari za duka na gari. Mpaka akafa, mwaka juzi."

Mahadhi alifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu mpya. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angeweza kushusha boneti, na siri yake ingekwenda na gari.

"Haya, niondoke," alisema Taraben. "Nilikuwa njiani kwenda huko Kilifi lilipochemka. Nitauliza nyumba kwa nyumba. Pengine alizaa naye. Mtoto hana kosa, na duka lile lina haki yake."

Mahadhi alimwona mama huyu wa miaka sitini na tisa akibisha milango ya Kilifi nzima, akieleza aibu yake kwa kila anayefungua. Akaona haya ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake.

"Usiende, mama. Hakuna mtu." Kitsao akaacha kutafuna miraa. "Petroli ilinywewa na gari. Mimi nilitoa thamostati, na gari likikosa hiyo hunywa mafuta. Bwana Anil alikwambia kweli. Kosa langu."

Taraben alishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Wewe umelijua lini hili?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Neno moja la uongo lingemwokoa, naye alikuwa nayo mengi tayari.

"Miaka mitatu sasa."

"Anil alikuwa hai."

"Alikuwa hai, mama. Nililihurumia jina langu."

Alingoja matusi. Angeshukuru lau yangekuja. Kitsao alikuwa akitazama pikapu yake mwenyewe, uso umemsawijika. Taraben aliingia garini, akafunga mlango kwa upole.

"Mwaka wake wa mwisho nilimwambia abadilishe fundi," alisema. "Ndiyo mara pekee aliyonipandishia sauti. Akasema, humu mjini Mahadhi peke yake ndiye anayeniamini."