Mkalimani wa Kidoti

Habari ile ilimkuta mkalimani mbele ya kamera, hana pa kuuficha uso. Ilikuwa taarifa ya saa saba mchana. Yeye alikuwa katika kile kidirisha cha kona ya chini ya skrini, ambacho wanaosikia hukiona kama pambo na viziwi hukikodolea macho, akiyageuza maneno ya msomaji kuwa alama za mikono. Zilipita habari za mvua, za daraja lililobomoka, za mpira. Kisha msomaji akasema, kwa sauti ile ile, kwamba wanawake wanne waliosoma katika chuo cha ufundi cha viziwi wamejitokeza kumtuhumu aliyekuwa mkurugenzi wa chuo hicho, mzee mwenye nishani mbili za taifa, kwamba aliwadhalilisha kingono walipokuwa wanafunzi wake.

Viziwi hupeana majina ya alama, na jina la mkurugenzi lilikuwa vidole viwili vinavyokaza fundo la tai shingoni. Wanaosikia wakiambiwa jina lake ni Tai walicheka, wakadhani ni yule ndege. Mkalimani alipeleka vidole shingoni, akalikaza lile fundo. Alimaliza taarifa, akavua kile kisikizi kidogo cha sikioni, akaenda msalani akakaa humo mpaka mhudumu wa usafi alipogonga mlango kuuliza kama kuna mtu.

Alikuwa amelibeba jambo lile miaka kumi na tisa.

Enzi hizo alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mkalimani pekee wa chuo. Lugha ya alama hakuisomea popote. Aliipata nyumbani kwa mdogo wake, aliyezaliwa kiziwi, nao wakakua wakisemezana kwa mikono mpaka mezani wakagombezwa kwa kumwaga chai. Mkurugenzi ndiye aliyempa kazi, na ndiye aliyempokea mdogo wake katika karakana ya useremala. Kwao nyumbani mkurugenzi alikuwa akitajwa kwa adabu, kama mtu wa familia.

Kidoti alikuwa mwanafunzi wa ushonaji, wa miaka kumi na tisa, mwenye doa dogo jeusi juu ya nyusi ya kushoto. Jina lake lilikuwa kidole kimoja kinachogusa pale pale. Alikuwa mcheshi, fundi wa kuwaigiza walimu, na mikono yake ilikwenda mbio hata wenzake wakamwomba apunguze mwendo. Asubuhi moja aliingia kituo cha polisi kwa miguu yake, peke yake, akaandika kwenye karatasi ya askari neno moja: mkalimani. Askari wakapiga simu chuoni. Simu ikapokelewa na mkurugenzi.

Aliyempeleka mkalimani kituoni ni mkurugenzi mwenyewe, kwa gari lake. Njiani hakumtisha hata kidogo. Alimsifia mdogo wake, akasema kijana ana mkono wa dhahabu, anafikiria kumfanya mwalimu wa karakana mwakani. Akasema pia kwamba wasichana wa ushonaji siku hizi wana maneno mengi, kisha akacheka kidogo kwa kuwa maneno yenyewe ni ya viziwi. Walipofika aliketi kwenye benchi la nje, mguu juu ya mguu, akafungua gazeti.

Ndani, sajini alishika kalamu. Kidoti alimtazama mkalimani kama mtu aliyeona ndugu yake ugenini, akaanza kusema.

Alisema Tai alimwita ofisini akampime suti. Alisema aliufunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. Alisema alimkatalia. "Nilisema hapana kwa mikono miwili," alisema, "akaikamata mikono yangu yote miwili. Nikawa sina la kusemea." Kisha akaeleza yaliyofuata, hatua kwa hatua, macho makavu, bila kuruka kitu.

Sajini akauliza anasemaje.

Mkalimani alisikia gazeti likigeuzwa ukurasa kule nje. Alimwona mdogo wake na randa yake, vumbi la mbao kichwani. Akasema, "Anasema mkurugenzi alimfokea ofisini kwa kazi mbaya, akaona uchungu."

Sajini alishusha pumzi. Akaandika mistari miwili, akasema vijana wa leo hawafokewi, akafunga jalada. Lakini Kidoti alikuwa akiitazama midomo ya mkalimani. Hakuweza kusoma maneno, ila urefu wake aliuona. Akamgusa mkalimani begani, akamwambia kwa mikono: "Nimesema mengi. Wewe umesema kidogo." Mkalimani akamjibu kwamba lugha ya wanaosikia ni fupi.

Baada ya wiki mbili Kidoti alifukuzwa chuo kwa utovu wa nidhamu na kumsingizia mkuu wake. Mama yake aliitwa. Alikuwa mfuaji wa nguo hospitalini, mwanamke mwenye vidole vilivyochubuliwa na sabuni, na alama alizozijua za kumsemeza mwanawe zilikuwa nne au tano: njoo, kula, lala, acha. Aliuliza mwanawe amefanya nini. Mkalimani akamweleza vile vile alivyomweleza sajini. Mama akaomba radhi kwa mkurugenzi, akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao.

Mdogo wake mkalimani akawa mwalimu wa karakana kweli. Yeye mwenyewe akahamia televisheni, akajulikana, watoto viziwi wakawa wanamsalimia barabarani. Alijitia hamnazo, akajifunza kulala.

Sasa, baada ya taarifa ile, serikali iliunda tume, nayo ikatangaza kusikiliza ushahidi hadharani. Kidoti alikuwa mmoja wa wale wanne. Mkalimani alikaa siku tatu hana raha, ndipo akaenda kwa mdogo wake kumweleza yote kabla hajayasikia kwa watu. Aliyasema akiwa amesimama, kati ya viti visivyopigwa rangi. Mdogo wake alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia.

"Sote tulijua," alisema. "Mabweni yote yalijua. Nilidhani wewe ndiye hujui."

Akamgeuzia mgongo, akashika randa. Ukimgeuzia mgongo kiziwi mwenzio, umemziba masikio. Na mkalimani, ingawa alisikia kila kishindo cha randa ile, alielewa kwamba mazungumzo yameisha.

Aliandika barua kwa tume akaomba kuhojiwa. Ukumbi ulijaa siku hiyo. Mkurugenzi alikuwa safu ya mbele na fimbo yake, tai imekazwa vizuri, mwanawe wa kiume amemshika mkono. Mwenyekiti, jaji mstaafu, alimwambia mkalimani aseme taratibu. Akasema. Akatoa maneno ya Kidoti yote kama alivyoyapokea siku ile, kisha akatoa na yake. Wakili wa mkurugenzi aliinuka akamuuliza kama basi yeye ni mwongo kwa taaluma yake.

"Siku ile, ndiyo," alijibu.

"Na leo tukuamini kwa lipi?"

Akarudi kitini pake. Mkurugenzi alipopewa nafasi alisema umri umemchukua, hakumbuki ofisi iliyokuwa na mlango wa namna hiyo. Watu wawili watatu ukumbini walicheka, naye akatabasamu kwa mazoea.

Yaliyofuata yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Chama cha wakalimani kilimfutia uanachama, na televisheni ikamweka kijana mwingine kwenye kidirisha. Hayo aliyatarajia. Tume ikapendekeza mkurugenzi ashtakiwe. Jina lake likabanduliwa ukutani pa ukumbi wa chuo, likaacha kivuli cheupe cha herufi. Kisha madaktari wakaandika kwamba afya yake haimruhusu kusimama kizimbani. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na watu wakaendelea kumtembelea nyumbani kwake kumjulia hali.

Siku ile ya ushahidi, Kidoti alimngoja mkalimani kwenye ngazi za nje. Alikuwa mtu mzima, mshonaji mwenye duka lake, na mikono yake sasa ilikwenda polepole. Hakumpa mkono. Alimwambia kwamba mama yake amezima redio wiki nzima. Anaamini mwanawe ametumiwa na watu wenye chuki na mzee wa watu.

"Aliyasikia kinywani mwako," alisema Kidoti. "Ayasikie humo humo."

Jumamosi mchana mkalimani akaenda kwa mama yake Kidoti. Kilikuwa chumba safi chenye dirisha moja, na mama alikuwa kitandani akikunja shuka, maana kazi aliiacha lakini mikono haikuiacha. Alimtambua mgeni mara moja, akamkaribisha kwa heshima, akasema kumbe ni yule mwalimu wa chuoni. Mkalimani akamwomba msamaha kwanza, akamwambia kwamba siku ile hakutafsiri ukweli, na leo amekuja kuutafsiri. Mama alimtazama bila kuelewa. Kidoti akaketi mbele yao, akaanza.

Kazi ya ukalimani ina desturi yake: mkalimani hasemi "anasema", husema "mimi". Basi mama akasikia sauti ya mwanamke huyu ikisema mimi niliitwa ofisini, mimi niliuona ufunguo ukizunguka, mimi nilikatalia kwa mikono miwili. Mama alikuwa akimkazia macho yeye.

"Mtazame mwanao, mama," mkalimani akamwambia. "Mimi usinitazame."

Mama akageuza uso. Akamtazama mwanawe mpaka mwisho, shuka imebaki nusu imekunjwa mapajani. Kidoti akatua mikono.

"Muulize kwa nini hakuniambia," mama alisema.

Kidoti akajibu, na mkalimani akatoa sauti: "Nilikwambia. Nilikwambia mlangoni siku ile ile, nikakwambia jikoni, nikakwambia ulipougua nikawa nakuuguza. Kila mara ulinishika mikono ukaniambia acha."

Mama akaitazama mikono yake mwenyewe. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba siku ile waliporudi kutoka chuoni na mwanawe, alimpiga. Alimpiga kwa mwiko mpaka ukavunjika, kwa ajili ya aibu. Mkalimani akayafikisha. Kidoti akasema mama aambiwe kwamba analikumbuka hilo.

Hapo mama akalia, kilio cha mtu aliyezoea kulia bila kuwasumbua wengine. Alipojifuta alimgeukia mkalimani, si kwa hasira.

"Mama yako yu hai?"

"Hapana, mama. Alifariki zamani."

"Basi Mungu kamsitiri," alisema.

Kidoti akagusa goti la mkalimani akauliza mama amesema nini. Mkalimani akainua mikono, akamwambia lote lilivyo. Kidoti akaitikia kwa kichwa. Akahama kiti chake, akaenda kukaa kitandani kando ya mama yake, akashika ncha moja ya ile shuka. Hakuna aliyemtazama tena mgeni. Mkalimani akachukua mkoba wake, akatoka, akaurudishia mlango taratibu asije akamshtua yule anayesikia.