Chanjo ya Jambazi

Mdogo wangu tunamwita Mheshimiwa, na si kwa heshima. Tangu utotoni ni mtu wa hotuba. Ukimtuma chumvi atakueleza kwanza mpango wake wa kufungua kiwanda cha chumvi, kisha ataondoka, na chumvi huioni. Mama akimsikia anacheka mpaka machozi. Mimi dada mtu nashona sare za shule chumba cha mbele, na chumba cha nyuma amelala mama tangu kiharusi kilipomwangusha bafuni. Upande wake wa kushoto haufanyi kazi. Mdomo umepinda kidogo, lakini akili iko palepale, na maneno yanatoka polepole ukimpa nafasi.

Paka walizaliwa humu humu ndani. Mama yao, paka wa jirani, aliingia dirishani, akazaa juu ya vitambaa vyangu vya sketi, akalea, kisha siku moja akaenda zake akatuachia mzigo. Watoto wawili, weusi tii, wa kike wote, wamefanana hata mimi nilikuwa nachanganya. Mmoja mpole, ukimbeba analegea kama nguo iliyoloa. Huyo tukamwita Bi Harusi. Wa pili ni Jambazi. Jambazi alikuwa na roho mbaya, nasema ukweli. Alinikwaruza mikono yote miwili, akachana pazia, akaiba samaki sufuriani huku ananitazama.

Lakini kwa mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipanda kitandani na kujikunja juu ya ule mkono wa kushoto, mkono usiosikia kitu, akakoroma hapo kutwa. Mama akasema anasikia joto. Daktari wa hospitali alishasema mkono ule hausikii. Mama akasema, "Basi daktari hajalaliwa na paka." Kabla ya hapo alikuwa anageukia ukutani, chakula hataki, mazoezi hataki. Alipompata Jambazi alianza kuomba nimkalishe, akawa anahangaika kukunja vidole amkune paka kichwani. Ndiyo maana sikumtupa yule mkorofi nje, ingawa Mungu anajua nilivyotamani.

Kisha ukaingia ugonjwa mtaani. Paka wachanga wanatapika, wanaharisha, wanakufa. Daktari wa wanyama, bwana mmoja mwenye kliniki ndogo nyuma ya soko, alikuja kujipimia koti kwangu, akaingia kumjulia mama hali, akawaona wale wawili kitandani. Akaniambia, "Dada, hawa wachanjwe wiki hii hii. Na usiseme hawatoki nje, ugonjwa huu unaingia na viatu. Halafu watarudi kwa chanjo ya pili, na kila mwaka uwalete niwaangalie, hata kama wazima."

Mimi nilikuwa na sare za shule nzima mezani, sina hata muda wa kujikuna. Mheshimiwa alikuwapo, anakula. Akafuta mdomo akasema, "Dada, hilo niachie mimi. Paka wawili ni kitu gani?"

"Kwako wewe hata mmoja ni kitu," nikamwambia.

"Mwache afanye, mwanangu," mama akasema. "Ameomba mwenyewe."

Nikamwacha. Kikapu chenye kifuniko kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo akapanga kwenda mara mbili, asubuhi na Bi Harusi, jioni na Jambazi. Nilimsikia jioni akihangaika huko nyuma, kiti kinaanguka, anatukana, mama anamwambia pole. Akapita mbele yangu na kikapu, kidole gumba amekizungushia kitambaa kinachovuja damu, kichwa juu. Aliporudi akatangaza, "Kazi imekwisha! Wamechanjwa wote wawili, daktari amenisifu."

Simwamini mdogo wangu hata akiniambia saa. Nikaenda chumbani. Paka mmoja kalala dirishani, mwingine yuko kwenye mkono wa mama kama kawaida.

"Mama, Jambazi naye amekwenda kweli?"

"Amekwenda," mama akasema.

Hapo nikatulia. Mama hawezi kunidanganya kuhusu yule paka, hivyo ndivyo nilivyojua. Nikarudi kwenye cherehani, na usiku ule hata nyama nilimwongezea Mheshimiwa, na nikamwambia ahsante. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimwambia ahsante!

Siku za pale katikati zilikuwa nzuri. Mama alikuwa anakaa peke yake ameegemea mto, na Bi Harusi tu ndiye alikuwa amenyong'onyea kwa muda, nikamwona ana uvimbe mguuni nikadhani amepigana. Halafu asubuhi moja Jambazi hakugusa chakula. Alitapika povu la manjano shukani, akajaribu kupanda kwenye mkono wa mama, akashindwa. Mama akaniita kwa sauti sijaisikia tangu aanguke.

Nilikimbia na kikapu mpaka kliniki, sindano zimechomekwa kifuani mwa blauzi, futi ya kupimia ingali shingoni. Daktari alimlaza mezani, akamtundikia dripu, na yule Jambazi mwenye kuuma kila mtu akanyoosha mguu wake akadungwa bila hata kufungua jicho. Nikajua hali ni mbaya.

"Lakini alichanjwa," nikasema. "Si nawe ndiye uliyemchanja?"

Daktari akapapasa paja la kulia, akapapasa la kushoto. "Chanjo hii naichoma paja la kulia, na msaidizi wangu vivyo hivyo. Inaacha kinundu kigumu wiki kadhaa. Huyu hana kitu."

"Kaka yangu, yule mdogo, alimleta jioni."

"Wa asubuhi alichanjwa na msaidizi. Jioni nilimchanja paka mmoja mweusi mimi mwenyewe. Mpole sana. Nilishangaa, maana alikuja na mtu anayetoka damu."

Nilikaa kwenye benchi nimeushika mguu wa Jambazi usio na dripu. Daktari alifanya yote aliyoweza, simlaumu. Mchana paka akavuta pumzi ndefu, basi, hakuvuta nyingine. Nikamrudisha kwenye kikapu, nikamfunika na kipande cha kitambaa cha sare.

Nyumbani kitu cha kwanza nilimkamata Bi Harusi nikampapasa. Paja la kulia, vinundu viwili, kimoja juu ya kingine. Lile jinga lilishindwa kumkamata Jambazi, likambeba huyu huyu mara ya pili, akachomwa ya kwake na ya dada yake, ili tu bwana mkubwa asionekane ameshindwa na mtoto wa paka.

Nikaingia chumbani. Mama alikitazama kikapu. Machozi yalimtoka upande mmoja, upande wenye uzima.

"Mama," nikasema, "siku ile Jambazi alikuwa wapi jioni?"

"Chini ya kitanda."

"Ulimwona Mheshimiwa anamchukua Bi Harusi tena?"

"Nilimwona."

"Ukaniambia amekwenda! Mama! Paka wako mwenyewe!"

"Ungempigia kelele," mama akasema. "Alikuwa anatoka damu, na wewe ungempigia kelele mtaa mzima usikie. Nikasema Jambazi hatoki, yuko na mimi tu hapa, kitampata nini?"

"Daktari alisema mbele yako kwamba unaingia na viatu!"

"Alisema," mama akakubali, akafumba macho.

Nilitaka kupasua kitu. Mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemwogesha, ninayemlisha kijiko kwa kijiko, na akanificha mimi ili kumlinda yule anayekuja kula. Nilimzika Jambazi nyuma ya choo, nimepiga magoti kwenye udongo, nikilia kwa hasira, kila nikichota udongo namtukana mdogo wangu. Niliapa akikanyaga tu mlangoni nitamweleza mbele ya majirani kwamba ameua.

Akaja jioni ileile, anapiga mluzi. Akanipita mlangoni akaenda moja kwa moja kwa mama, akakaa ukingoni mwa kitanda, na mimi nyuma yake na mwiko mkononi, mdomo nimeshaufungua. Mama akanitazama juu ya bega lake. Akainua kidole cha mkono mzima akakiweka midomoni.

"Leo mkono hauna mgeni," Mheshimiwa akasema. "Yule mkorofi yuko wapi?"

"Ametoroka," mama akasema.

"Nilijua tu!" Akapiga kofi paja lake, akacheka kile kicheko chake cha jukwaani. "Jambazi ni jambazi, mama. Umelea, umelisha, halafu anakukimbia. Hana shukrani. Tena afadhali, angekung'ata siku moja."

Mama akacheka naye. Kwa ule mdomo uliopinda, akacheka, na mkono wake wa kushoto umelala juu ya shuka, mtupu.

"Mpakulie mdogo wako," akaniambia. "Ana njaa."

Nikampakulia.