Okota, Mzee

"Okota, mzee, imetosha."

Siku nzima Phanuel Ikwap alikuwa akiyasema maneno hayo katika kiwanja cha gofu cha Tororo, na kila mara aliyasema kwa tabasamu. Jioni aliporudi Busia juu ya lori la pamba, fimbo zake zimefungwa kwa kamba ya katani, tabasamu lilikuwa limekwisha na hasira ndiyo kwanza inaanza kuchemka.

Mchezo wenyewe hauna siri. Watu wawili wanashindana shimo kwa shimo, na atakayeuingiza mpira kwa mapigo machache amelishinda shimo hilo. Kisha kuna adabu moja ya zamani: mpira wa mwenzako ukilala karibu kabisa na shimo, unaweza kumwambia auokote, ukahesabiwa kana kwamba umeingia. Ni hisani tu, wala si haki ya mtu. Lakini pale Tororo hisani ilikuwa imepanda cheo. Nahodha wa klabu alikuwa Bwana Ecweru, mwenye kinu cha pamba na malori, mtu mzima wa kitambi na suruali nyeupe, na tangu achaguliwe hakuna aliyemwona akipiga mpira mfupi. Nani angemwacha mzee kama yule ainame mbele za watu kwa ajili ya mpira ulio kiganja kimoja kutoka shimoni? Walimu walimwambia okota, mzee. Makarani walimwambia okota, mzee. Wenye maduka waliotaka mizigo yao ibebwe upesi walimwambia hata kabla mpira haujasimama.

Naye akaokota, lakini hakumwambia mtu mwingine aokote hata siku moja. Mpira wa Ikwap ukilala mdomoni mwa shimo, Ecweru aliegemea fimbo yake akautazama Mwamba wa Tororo kana kwamba umeota asubuhi ile. Ikwap akainama, akapiga, akakosa mmoja au miwili, na hivyo ndivyo alivyoshindwa.

"Heshima gani hii ya kwenda bila kurudi?" alimfokea mkewe usiku ule, kana kwamba Loice ndiye nahodha.

"Nani alikuziba mdomo?" Loice alijibu huku akiepua sufuria. "Si wewe mwenyewe uliyempa? Mtu humpa mwenzake kuku, kisha analia kwamba kuku ameliwa!"

Neno hilo lilimkera Ikwap kuliko kushindwa kwenyewe, kwa sababu lilikuwa kweli.

Hiyo ilikuwa Desemba, mwaka wa sitini na nne, kiangazi kimeanza na nyasi zinageuka rangi ya mkeka. Mwisho wa Februari lingekuja shindano la Kombe la Kiangazi. Ukutani mwa klabu palikuwa na ubao wa mninga wenye majina ya washindi kwa rangi ya dhahabu, Wazungu watupu tangu ulipotundikwa. Uhuru ulikuwa umekuja, bendera ilikuwa imebadilika, lakini ubao ulikuwa haujasikia habari. Ikwap, karani wa kupitisha mizigo mpakani, alilitaka jina lake pale. Alilitaka mchana na usiku, wala hakuona aibu kulitaka.

Kila Jumapili baada ya kanisa alifanya mazoezi kwenye malisho nyuma ya yadi ya malori ya Busia, pamoja na Rasto, fundi wa injini aliyevuka kutoka upande wa Kenya. Walikuwa wamejitengenezea mashimo yao. Kila shimo ni mkebe wa samli uliofukiwa, kuzunguka mkebe ni mchanga uliochanganywa na oili chafu ya malori, kama ule wa Tororo, ushikane usipeperuke, na mbuzi ndio watazamaji. Sheria ya pale ilikuwa moja, tena ya Rasto: mpira usipolia ndani ya mkebe, hujamaliza.

"Hata ukiwa umekaa ukingoni unaomba kuingia," Rasto alisema, "usipolia, bado."

Kwa hiyo walipiga mipira mifupi hadi viuno vikawauma, na walicheka sana. Rasto alikuwa akiuimbia mpira wake wimbo wa harusi ili uingie. Ikwap hakupata kucheza kwa raha kama ile mahali pengine popote.

Shindano likaanza. Ikwap akamtoa mwalimu mmoja wa Mulanda, akamtoa daktari, akamtoa Mzungu wa mwisho aliyebaki, ambaye alimpa mkono kwa uungwana. Upande wa pili Ecweru naye alikuwa akija, akiokota mwendo mzima. Ikawa fainali ni wao wawili.

Hapo ndipo watu walipoanza kumjia Ikwap. Walimjia sokoni, walimjia ofisini, mmoja alimfuata hadi mlangoni mwa kanisa.

"Mwachie mzee," walisema. "Jina la Mwafrika ni jina la Mwafrika. Ni letu sote."

"Kama ni letu sote," Ikwap alijibu, sauti ikipanda, "basi waandike langu! Mbona likiwa langu haliwi letu?"

Walimtazama tu kama mtu aliyetema mate mezani.

Siku ya fainali kiwanja kilijaa watu. Mwamuzi alikuwa Okochi, mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi. Ikwap alicheza kwa adabu zote, isipokuwa moja. Mpira wa Ecweru ulipolala karibu, alinyamaza. Ecweru alisubiri, akakohoa, akamtazama, akasubiri tena. Mwishowe akapiga bila hata kuinama vizuri. Mwingine ukaingia, mwingine ukapita pembeni. Jasho likamtoka, watazamaji wakaanza kunong'ona, na Ikwap akasikia nyuma yake mtu akisema, "Huyu hana wazazi."

Wakafika shimo la mwisho wakiwa sawa. Ikwap alimaliza wa kwanza. Ecweru alikuwa na mpira mmoja wa kiganja. Akiuingiza, wangali sawa na mchezo unaendelea; akikosa, kombe ni la Ikwap. Alitembea hadi kwenye mduara wa mchanga wa oili, akatabasamu kwa watu wake, akaunyanyua mpira na kuutia mfukoni.

Makofi yakapigwa.

"Mzee," Ikwap akasema, "sikukupa."

Makofi yakafa. Ecweru akageuka polepole. "Nasema nini wewe?"

"Sikusema okota. Hukupewa mpira huo."

"Mpira iko hapo! Karibu namna hii! Mtoto mdogo anaona inakwenda ndani!"

Okochi akasogea. Sheria ilikuwa wazi: aokotaye bila kupewa amelipoteza shimo. Lakini hata Okochi alimwangalia Ikwap kwa macho ya kusihi. "Sema tu ulimpa, Ikwap, yaishe."

Kiangazi kizima Ikwap alikuwa ameinama juani, na sasa watu wazima, wenye dini na elimu, walikuwa wakimwomba aseme uongo ili suruali nyeupe isipate doa! "Siwezi kusema nilitoa nisichotoa," alisema. "Lakini sitaki kushinda kwa sababu ya mfuko wake. Aurudishe, aupige, kama mimi ninavyopiga wangu."

Ecweru akautoa mpira mfukoni akauweka. Aliuweka karibu zaidi.

"Mzee, alama yako ile pale," Ikwap akasema, akionyesha. Mchanga wa oili hausahau. Mbonyeo mdogo wa mpira ulionekana wazi. Watu wakaguna. Ecweru akausogeza, akainama, akapiga.

Mpira ukapita kando ya shimo na kwenda mbali kuliko ulikotoka.

Hakuna aliyemshangilia Ikwap isipokuwa Rasto, ambaye alishangilia peke yake kwa sauti ya watu kumi. Wiki iliyofuata, kwa sababu Okochi alikataa katakata kuandika jambo jingine, jina la P. IKWAP lilipakwa kwenye ubao. Likang'aa. Na Jumamosi hiyo mwenye jina alipokwenda kucheza, kila mtu alisema amekwisha kupata wa kucheza naye. Huyu ana miadi, yule mguu unauma. Ikwap akasimama chini ya jina lake la dhahabu, fimbo mkononi, akijisikia kama mchawi aliyefumaniwa, na akarudi Busia akiwalaani wote mpaka lori lilipomshusha.

Jumapili, yeye na Rasto wakiwa malishoni, gari jeusi likasimama kando ya yadi. Akashuka Bwana Ecweru, na nyuma yake dereva wake amebeba fimbo. Mbuzi wakapisha. Rasto akaacha kuimba.

"Sikuja kuomba radhi," Ecweru akasema.

"Wala sikukuomba uje," Ikwap akajibu.

"Nasikia hapa kwenu mpira mpaka inalia."

"Ndiyo, mzee. Ni mpaka ulie."

Ecweru akavua koti akamtupia dereva. Akapiga mpira wake kutoka mbali. Ukaja ukilegalega, ukasimama kiganja kimoja kutoka kwenye mkebe. Dereva akacheka kwa heshima, akasema alichozoea kusema: "Okota, mzee, imetosha."

Ecweru akamgeukia kwa ghadhabu ambayo Ikwap hakuwahi kuiona kwake.

"Nyamaza! Nyinyi ndiyo mmeniharibu! Miaka yote nyinyi nasema okota, okota, mimi nafikiri najua mchezo! Watu wote nacheka na mimi, hata moja haiko aliniambia! Kijana hii tu!"

Alikuwa akihema. Neno hilo lilimpata Ikwap pia, kwa sababu naye mwezi Desemba alikuwa amesema okota, tena kwa tabasamu.

Mzee akapiga magoti yote mawili kwenye mchanga wa oili, akiwa na suruali yake nyeupe, akaichungulia njia ya mpira. Akainuka, akainama, akapiga.

Mkebe ukalia.

"Sasa wewe," akamwambia Ikwap. "Na mimi sikupi kitu."

"Ulinipa lini, mzee?" Ikwap akasema, akauendea mpira wake.